Python, Java, C++ au JavaScript: ulinganisho kwa anayejiandaa na usaili wa kuandika programu

Usaili wa kuandika programu kwa kawaida huchukua dakika 45 hadi 60. Ndani ya muda huo msailiwa hupewa swali moja au mawili ya algoriti na miundo data, huuliza ufafanuzi, hueleza njia anayokusudia kuifuata, kisha huandika msimbo kwenye ukurasa wa pamoja ambao mara nyingine hauwezi hata kuuendesha. Kampuni nyingi humwachia achague lugha mwenyewe. Uhuru huo huwapotezea watu wiki nyingi za maandalizi: mtu anaanza na Java aliyofundishwa chuoni, anasikia kwamba Python ni fupi na kuhamia huko, kisha anaambiwa kwamba washindani wakali hutumia C++, na siku ya usaili inapowadia anajua vipande vya lugha tatu bila kuimudu hata moja.

Ninazilinganisha hapa lugha nne zinazochaguliwa zaidi, na ninazipima kwa kazi hiyo moja tu. Lugha inayofaa kujenga mfumo wa benki utakaodumu miaka 15 si lazima iwe ndiyo inayofaa kutatua swali la grafu huku mtu mwingine akikutazama unavyoandika. Kwa maoni yangu, lugha inayofaa usaili ni ile isiyokudai fikra wakati fikra yako yote inahitajika kwenye swali. Mambo mawili ndiyo hunyang'anya fikra hiyo: vitu ambavyo maktaba sanifu ya lugha haina, hivyo inakubidi uviandike mwenyewe, na makosa ambayo lugha inayapitisha kimya bila kukuonya.

Swali moja kwa lugha nne

Tuchukue swali linaloulizwa mara nyingi: umepewa orodha ya maneno pamoja na namba k, rudisha maneno k yanayojitokeza mara nyingi zaidi, na yale yaliyolingana idadi yapangwe kialfabeti. Kwa Python, mistari miwili inatosha:

h = Counter(maneno)
return sorted(h, key=lambda w: (-h[w], w))[:k]

Mstari wa kwanza unahesabu, wa pili unapanga kwa idadi kubwa kwanza na kisha kwa alfabeti. Msaili anaweza kuusoma kama sentensi, na wewe umebaki na dakika za kutosha kueleza gharama yake, yaani muda na kumbukumbu inavyovihitaji. Kwa Java kazi ileile inakuwa hivi:

Map<String, Integer> h = new HashMap<>();
for (String w : maneno) h.merge(w, 1, Integer::sum);
List<String> jibu = new ArrayList<>(h.keySet());
jibu.sort((a, b) -> h.get(a).equals(h.get(b)) ? a.compareTo(b) : h.get(b) - h.get(a));
return jibu.subList(0, k);

Mistari mitano si mzigo mkubwa, lakini tazama neno equals katika mstari wa nne. Anayeandika alama mbili za usawa badala yake atapata jibu sahihi kwenye mifano midogo, kwa sababu Java huhifadhi vitu vya Integer vya kuanzia -128 hadi 127 na kuvitumia tena. Idadi ikizidi 127, vitu viwili vyenye thamani moja vinaweza kuonekana tofauti, na mpangilio wa kialfabeti unavurugika. Kosa la namna hiyo halionekani kwenye jaribio la maneno kumi. Linajitokeza pale mfumo wa kusahihisha unapoingiza maneno elfu kumi, wakati msailiwa tayari ameshasema kwamba amemaliza.

C++ inakaribiana na Java kwa urefu, ila kitendakazi cha kulinganisha kina sharti lake: lazima kiseme «hapana» kwa vitu viwili vinavyolingana. Ukiandika alama ya «ndogo au sawa» mahali pa «ndogo», kanuni za lugha hazikuhakikishii tena matokeo yoyote, na programu inaweza kufanya kazi leo na kuanguka kesho. JavaScript nayo inaandika jibu hili kwa ufupi unaokaribia wa Python, mradi ukumbuke kwamba amri yake ya sort isipopewa kitendakazi cha kulinganisha hupanga kila kitu kama maandishi, hata namba. Orodha ya 10, 9 na 1 hurudi ikiwa 1, 10, 9.

Msaili mzuri hataishia hapo. Atauliza kama unaweza kuepuka kupanga maneno yote iwapo k ni ndogo sana, na jibu analolitarajia ni hipu, yaani muundo unaokupa mara moja kitu kilicho kidogo au kikubwa kuliko vyote. Hapo ndipo lugha hizi zinapoachana kwa kweli.

Kile ambacho maktaba inakupa

Java ina PriorityQueue inayopokea kitendakazi chochote cha kulinganisha. C++ ina priority_queue, ambayo kwa kawaida yake huweka kikubwa juu, kinyume cha Java, na kinyume hicho huwachanganya wanaotumia lugha zote mbili. Python ina heapq, ambayo kwa miaka mingi hipu yake ilitoa tu kitu kilicho kidogo kuliko vyote. Anayetaka kikubwa alilazimika kuingiza namba zikiwa hasi na kuzigeuza tena wakati wa kuzitoa. Toleo la 3.14 la mwaka 2025 limeongeza vitendakazi vya kikubwa, lakini hujui ukurasa wa usaili unatumia toleo lipi, kwa hiyo mbinu ya namba hasi bado ni ya kuijua. Ubaya wake ni kwamba neno haliwezi kufanywa hasi. Kwa swali letu la maneno, anayejua kwamba heapq ina kitendakazi cha nsmallest kinachopokea key ataandika jibu kwa mstari mmoja, na asiyekijua atajikuta anatunga darasa zima lenye __lt__ yake, yaani kanuni yake ya kulinganisha, huku saa inakwenda.

JavaScript haina hipu kabisa. Lugha hiyo ilitungwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995 kwa ajili ya kurasa za wavuti, na urithi huo unaonekana hadi leo katika wembamba wa miundo data yake. Baadhi ya tovuti za mazoezi humpakia mtumiaji hipu ya ziada, jambo ambalo nadhani linamdhuru zaidi ya kumsaidia, kwa maana anazoea kitu ambacho huenda asikikute kwenye usaili wenyewe. Anayekwenda na JavaScript anapaswa awe na uwezo wa kuandika hipu kwa mkono, mistari 30 hivi, ndani ya dakika tano au sita bila kosa. Wasaili wengine hukubali ukisema, «Nichukulie kwamba nina hipu yenye vitendakazi hivi viwili, nitaiandika mwishoni ukitaka.» Wengine hawakubali, na huwezi kujua mapema umeangukia kwa nani.

Kwa kamusi iliyopangwa kwa funguo, hali inageuka na Python ndiyo inayopungukiwa. Chukua swali la kuweka miadi kwenye kalenda bila kuruhusu miadi miwili igongane: kila ombi jipya linahitaji kujua miadi iliyo karibu kabla yake na iliyo karibu baada yake. Java inakupa TreeMap yenye floorKey na ceilingKey, na swali linakwisha kwa mistari michache. C++ inakupa map yenye lower_bound. Python na JavaScript hazina kitu hicho katika maktaba zao sanifu. Mtu wa Python hutumia bisect juu ya orodha iliyopangwa, ambapo kutafuta ni haraka lakini kuingiza kunasogeza vitu vyote vilivyo mbele, na ni lazima aliseme hilo kwa sauti kabla hajaulizwa. Vinginevyo msaili atadhani hajui gharama yake.

Maswali yanayodai hipu ni mengi kuliko yanayodai kamusi iliyopangwa, na ndiyo maana upungufu wa Python naona unavumilika zaidi kuliko ule wa JavaScript. Foleni ni jambo dogo zaidi: Python ina deque, Java ina ArrayDeque, C++ ina deque, na mtu wa JavaScript hutumia safu pamoja na indeksi inayosogea mbele, kwa kuwa kuondoa kitu cha kwanza kwa shift kunaweza kusogeza vilivyobaki vyote.

Kumbukumbu ya mahali ulipokwisha kupita

Jambo hili halitajwi sana, ilhali hugusa kila swali la gridi, yaani yale ya visiwa, mapango na njia fupi. Unahitaji seti ya viraka ulivyokwisha kuvitembelea, kila kiraka kikiwa na mstari na safuwima. Python hukubali jozi ya namba moja kwa moja ndani ya seti, na inazilinganisha kwa thamani. JavaScript hukubali safu ya namba mbili bila kulalamika, lakini huilinganisha kwa utambulisho, hivyo safu mpya yenye namba zilezile huhesabiwa kuwa kitu kingine na seti yako haitambui kamwe kwamba umeshapita pale. Utafutaji unazunguka bila kikomo. Safu ya int ndani ya HashSet ya Java ina tabia hiyohiyo. Dawa yake ni record, aina inayolinganishwa kwa thamani iliyoingia rasmi katika Java 16 mwaka 2021, au List.of. C++ hukubali pair ndani ya set, lakini ndani ya unordered_set inakataa kukompaili mpaka uandike kitendakazi cha heshi, yaani kinachogeuza jozi kuwa namba ya kuitafutia. Angalau C++ inakataa waziwazi.

Njia inayofaa kwa lugha zote nne ni kuzidisha mstari kwa idadi ya safuwima na kujumlisha safuwima, upate namba moja ya kuhifadhi. Ninawashauri wote wanaojiandaa waizoee, hata wa Python.

Namba zinazofurika

Namba kamili za Python hazina mpaka ila kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Aina ya int katika Java ina biti 32 na huishia 2,147,483,647, na ikipita hapo hugeuka kuwa hasi kimyakimya: bilioni 2 kujumlisha bilioni 2 ni -294,967,296. C++ ina hatari zaidi, kwa sababu kufurika kwa namba yenye alama ni jambo ambalo kanuni za lugha hazisemi litaleta nini. JavaScript huhifadhi namba zake za kawaida kama desimali za biti 64, hivyo namba kamili ni salama hadi 9,007,199,254,740,991. Lakini wengi hukata desimali kwa kutumia alama ya biti, kama | 0, na alama hiyo hurudisha namba kwenye biti 32 bila taarifa.

Mfano maarufu wa jambo hili ulielezwa na Joshua Bloch, mmoja wa waandishi wa maktaba za Java, mwaka 2006: utafutaji wa nusu kwa nusu, unaoigawa safu iliyopangwa katikati kila hatua, uliokuwamo katika maktaba ya Java yenyewe ulikuwa ukitafuta katikati kwa kujumlisha chini na juu kisha kugawa kwa mbili, na jumla hiyo hufurika safu inapokuwa kubwa mno. Kosa lilikaa humo kwa takriban miaka tisa. Msailiwa wa Java anayeandika chini + (juu - chini) / 2 na kueleza kwa nini ameandika hivyo ameonyesha jambo ambalo msailiwa wa Python hapati nafasi ya kulionyesha, na hii ni faida halisi ya lugha yenye mipaka: inampa anayeijua mahali pa kudhihirisha uangalifu.

Python nayo ina mtego wake hapa. Kugawa kwake kwa alama mbili za mkwaju hushuka kuelekea chini, hivyo -7 kugawa kwa 2 ni -4, ilhali Java na C++ hutoa -3. Maswali ya kikokotoo karibu yote hutaka jibu la -3.

Makosa mengine ya kimya

Kwa Python, makosa ninayoyaona zaidi ni matatu. La kwanza ni kuunda gridi kwa kuzidisha orodha mara mbili, jambo linalozalisha mstari mmoja unaorejelewa mara nyingi, hivyo ukibadilisha kiraka kimoja mistari yote inabadilika. La pili ni kutumia pop(0) kama foleni, ilhali kila mara inasogeza vitu vyote vilivyobaki. La tatu ni kusahau kwamba kitendakazi kinachojiita chenyewe kina mpaka wa kawaida wa kina cha 1,000; gridi ya 300 kwa 300 ina viraka 90,000, na utafutaji wa kwenda kina ukiandikwa kwa njia hiyo unaweza kuanguka ingawa wazo lake ni sahihi.

Kwa C++ ningetaja moja tu, kwa kuwa linawanasa hata wazoefu: ukubwa wa vector, yaani safu inayoweza kukua, ni namba isiyo na hasi, kwa hiyo vector tupu ukiitoa moja kwenye ukubwa wake kwa mashine ya biti 64 unapata 18,446,744,073,709,551,615, na kitanzi chako kinaingia mahali pasipo chake.

Kasi

C++ huendesha vitanzi vitupu kwa kasi inayoweza kuizidi Python makumi ya mara, na Java iko karibu na C++. Mbele ya msaili wa kibinadamu tofauti hiyo haina uzito, kwa sababu anachokipima ni ukuaji wa gharama data inapoongezeka. Kwenye mtihani wa mtandaoni unaosahihishwa na mashine inaweza kuwa na uzito, hasa pale ambapo muda uliowekwa ni mmoja kwa lugha zote. Hata hivyo, mara nyingi jibu la Python linalokataliwa kwa kuchelewa ni jibu lenye algoriti isiyofaa, na kulihamishia C++ ni kuahirisha tatizo.

Kazi unayoiomba

Uhuru wa kuchagua lugha haupo kila mahali. Anayeomba kazi ya kurasa za wavuti atarajie kuulizwa kwa JavaScript, na maswali yatahusu pia ahadi (promise, yaani matokeo yatakayokuja baadaye), matukio na muda, mambo ambayo Python haitamsaidia. Kazi za Android hudai Kotlin au Java, kwa kuwa tangu mwaka 2019 Google imeitanguliza Kotlin kwa Android. Bahati nzuri Kotlin hutumia maktaba ileile ya Java, hivyo TreeMap na PriorityQueue ulizozizoea zinaendelea kuwapo. Kazi za sayansi ya data huelekea Python. Kampuni za biashara ya hisa zinazoshindania sehemu ndogo za sekunde mara nyingi hutaka C++, na huuliza undani wa lugha yenyewe.

Kwa kampuni kubwa zinazoajiri wahandisi wa jumla, ikiwemo Microsoft iliyofungua kituo chake cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, mazoea ni kumwachia msailiwa achague, ila ni busara kumwandikia anayeratibu usaili na kumuuliza. Swali hilo halimshushii mtu hadhi.

Nani achukue ipi

Aliyesoma Java chuoni, ameifanyia mradi mmoja au miwili, na amebakiwa na wiki tatu, abaki na Java. Urefu wake unazoeleka, na maktaba yake ndiyo kamili kuliko zote nne kwa maswali ya usaili. Nimewahi kumsaidia kijana aliyehamia Python wiki mbili kabla ya usaili, akiwa tayari anaijua Java vizuri. Mawazo yake yalikuwa sahihi kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini alisimama mara nne kukumbuka jina la kitendakazi, na kila aliposimama alipoteza uzi wa maelezo yake.

Asiye na lugha aliyoishika vizuri, na ana miezi miwili au zaidi, achukue Python bila kusita. Ufupi wake unamwachia muda wa kueleza na kujaribu mifano, na mitego yake ni michache kiasi cha kuandikwa kwenye karatasi moja na kukaririwa.

C++ ninampendekezea yule tu aliyekwisha kuizoea kwenye mashindano ya programu kama ICPC ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Kujifunza C++ kuanzia mwanzo kwa ajili ya usaili peke yake ni kubeba mzigo usiodaiwa. Mwenye kuizoea, kwa upande mwingine, asiiache kwa kuambiwa kwamba ni ngumu kusomwa. Aandike majina kamili ya vigeu badala ya herufi moja moja za mashindanoni, na msaili ataifuata.

Anayefanya kazi kwa JavaScript kila siku anaweza kuingia nayo, kwa sharti la hipu niliyoitaja. Kama sharti hilo linamlemea na ana mwezi mzima mbele yake, kuhamia Python kutamgharimu kidogo kuliko anavyodhani, maana mazoea ya safu, kamusi na vitendakazi vidogo yanafanana sana.

Anayesitasita kati ya lugha mbili atenge jioni moja. Achukue karatasi na kalamu, azime kompyuta, aandike kwa lugha ya kwanza vitu vitano: kuhesabu maneno kwa kamusi, kupanga orodha ya jozi kwa kipengele cha pili, utafutaji wa upana kwenye gridi, hipu inayotunza namba k kubwa zaidi, na utafutaji wa nusu kwa nusu. Aandike saa aliyoanza na saa aliyomaliza kila kimoja. Baada ya mapumziko arudie kwa lugha ya pili, kisha awashe kompyuta, anakili alichoandika bila kurekebisha hata nukta, na ahesabu ni vingapi kati ya vile vitano vinaendeshwa mara ya kwanza kwa kila lugha.